Herufi za Dawati la Nyuma

Ofisini walimbandika jina la Bi Nafasi. Kila walipotaka kuongeza kitufe kwenye ukurasa wa somo, yeye aling'ang'ania pale pabaki patupu. "Macho nayo yanahitaji pa kupumzikia," alisema, na wenzake wakacheka, maana wimbo huo walikwisha kuuzoea.

Kazi yake ilikuwa kupanga sura ya masomo ya mtandaoni: rangi, herufi, picha, nini kikae wapi. Wengi walidhani ni ujuzi wa chuoni. La hasha! Aliupata utotoni, katika darasa la baba yake, mwalimu wa hesabu. Asubuhi mzee yule aliandika mfano mmoja ubaoni, kisha akaenda kujibana kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yakigonga mbao, aone kama herufi zinafika. Zisipofika alifuta, akaanza upya, vumbi la chaki limemjaa hadi nyusi. Jamani, siku zile! Bi Nafasi alizikumbuka hata akiwa mbele ya kompyuta, na roho ikamlainika.

Ndiyo maana alipopewa masomo ya hesabu alimkimbilia baba, ambaye sasa alikuwa amestaafu. Mzee akayasema kwa mdomo, binti akayaandika na kuyapamba. Lakini macho ya mzee yalikuwa yakififia, na daktari hakuwapa matumaini. Bi Nafasi aliomba jambo moja tu: baba auone ukurasa wa kwanza kabla giza halijamwahi.

Akamwekea kompyuta mapajani. Mzee akasoma mfano wa kwanza kwa sauti, bila kukwama, kidole kikifuata mistari. "Mashallah, herufi safi!" Bi Nafasi nusura aruke kwa furaha. Mara kioo cha kompyuta kikazima chenyewe. Mzee akaendelea kusoma.

"Baba," alisema taratibu, "kioo kimezima."

Mzee akashusha kidole. "Sikutaka kukuvunja moyo, mama."

Bi Nafasi akakiwasha, akakuza herufi, akazikoleza, hadi tarakimu moja ikajaza kioo kizima. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Wapi! Hebu nieleze wewe. Umeupangaje?"

Bi Nafasi hakuwahi kuisimulia kazi yake, aliichora tu. Akaanza kwa kubabaika: mfano uko juu, peke yake, chini yake pana uwanja wa kujaribu.

"Na mtoto akikosa, anaona nini?"

"Haoni alama nyekundu, baba. Ukurasa unamwonyesha alipoanza kupotea, halafu unamsubiri."

"Unamsubiri mpaka lini?"

"Mpaka aelewe."

"Mimi darasa lilikuwa limejaa na saa inakimbia," mzee alisema. "Waliochelewa kuelewa niliwaacha. Nawakumbuka, wengine hata kwa sura."

Machozi yakamtoka Bi Nafasi, asiyafute.

"Usinyamaze, mama," mzee akasema, akisogea karibu. "Ukurasa wa pili ukoje?"