Mke wa Kuazima

Miaka ile ya hamsini, mume wangu alikuwa karani hapa Kisangani, naye alitamani kadi ambayo Wabelgiji walimpa Mwafrika waliyemwona amestaarabika. Kwanza walikuwa wanakuja nyumbani kukagua vitanda, sahani na mke.

“Bon, kesho wakija, binamu yangu atakaa mezani kama mke wangu,” akaniambia. “Yeye anajua Kifaransa. Wewe ukae jikoni. Wakiuliza, tutasema wewe ni mpishi.”

Nusura nimrushie sufuria! Baba yangu, mvuvi, alisuka mitego iliyoshindana na maporomoko. Na zaburi ilikwisha kunifundisha kwamba mimi nilisukwa na Mungu mwenyewe tumboni mwa mama. Kazi ya mikono ile haifichwi jikoni.

Kesho yake nikavaa kikwembe changu cha arusi, nikakaa mezani kabla binamu hajafika. Mkaguzi akauliza mimi ni nani.

“Mwenye nyumba,” nikajibu kwa Kiswahili, nikamgeukia mume wangu. “Papa, mwambie.”

Mume wangu akatazama sahani, kisha akasema, “Ni mke wangu.”

Kadi walimnyima. Alinuna wiki nzima, nami nilimpikia wiki nzima, lakini kila siku tulikula mezani, wote wawili.