Wigo wa Miiba Kwenye Mto Thuci

Harufu ya mgunga uliokatwa asubuhi hainipotei. Hata leo, nikipita karibu na watu wanaofyeka ua hapa mtaani kwetu Dallas, mjini Embu, pua hunirudisha nyumbani, sehemu za chini za Mbeere, mahali ambapo Mto Thuci unakaribia kuingia Tana. Ni harufu chungu kidogo, ya utomvu na maganda mabichi, na kwetu ilichanganyika na tope la mto na jasho la punda. Mtu mwingine ataiona harufu ya kuni tu. Sisi tuliijua kama harufu ya kufika nyumbani salama, kwa sababu mgunga ule ulikatwa kwa kazi moja, nayo ilikuwa kumzuia mamba.

Wanangu wamekulia mjini. Wakiulizwa shuleni ni mnyama gani wa porini aliye hatari zaidi kwa binadamu, wanajibu simba, na wanapata alama zao. Mimi huwaacha wapate alama, kisha nawaambia ukweli jikoni. Simba sikuwahi kumwona utotoni. Kiboko nilimwona, tena mara nyingi, akipanda jioni kuja kula mawele yetu, lakini kiboko ana njia yake na ukimwachia njia yake mnaishi. Nyoka bafe alilala kwenye majani makavu ya shamba la ndengu, na tulijifunza kutazama mahali pa kukanyaga kabla hatujajua kuhesabu. Mume wa shangazi yangu alikuwa Mmeru wa Maua, mtu wa miraa, na kila alipotutembelea alitusimulia jinsi ndovu na nyati wa upande wa mbuga walivyowatesa jamaa zake. Alisimulia vizuri, mikono hewani, miraa shavuni. Mama yangu alimwacha amalize, kisha akamjazia chai.

"Ndovu yenu mnaisikia ikikuja," alimwambia. "Yetu haina kelele, na inakaa mahali unachota maji ya hii chai."

Mama hakuwa akifanya mzaha. Kabla sijazaliwa, mdogo wake wa kufuatana naye alikwenda mtoni kuosha vibuyu na hakurudi. Walikuta vibuyu vimepangwa vizuri ukingoni, vingine vimeshaoshwa. Mama hakupenda kuzungumzia siku ile, lakini tangu hapo alijitwika wigo wa miiba, na hakuna aliyewahi kumpokonya kazi hiyo. Wigo wenyewe ulikuwa hivi: wanaume walipigilia nguzo kwenye sakafu ya mto kuzunguka kipande cha maji tulivu kando ya ukingo, kisha wanawake wakajaza matawi ya mgunga kati ya nguzo, matawi juu ya matawi, miiba ikitazama nje, mpaka ukawa ukuta ambao hata samaki aliupita kwa adabu. Ndani ya wigo tulichota maji, tulioga na tulifua. Kila nyumba ilileta mzigo wake wa matawi zamu yake ilipofika, na mama alikagua kila mzigo. Ukileta miiba michache ulirudishwa porini, uwe nani. Alimrudisha hata mama mkwe wake, yaani nyanya yangu, na nyanya alikwenda huku akisonya.

Pamoja na wigo zilikuwako sheria, na mama alizifundisha kwa ukali aliokuwa nao kwa kila kitu. Ukifika mtoni husemi neno. Unasimama, unatazama maji. Unatazama miiba yote kutoka mwanzo hadi mwisho, uone kama kuna mahali imelala au imeng'oka. Unatupa jiwe, unatazama tena. Ndipo unashuka. Sisi watoto tulizichukia sheria hizo kwa sababu mitungi ilikuwa mitupu, jua lilikuwa kali, na miiba ilionekana ile ile ya jana. Mama akituona tunaharakisha alitupandisha ukingoni tuanze upya, nasi tukaanza upya tukinung'unika chini kwa chini.

Msimu ninaoukumbuka kuliko yote ni kiangazi kile nilichobatizwa. Kanisa letu dogo la mabati lilibatiza kwa kuzamisha mtu mzima mzima, na katika mto wote hapakuwa na mahali pengine pa kufanyia hivyo isipokuwa ndani ya wigo wetu. Mchungaji wetu, Pasta Ireri, alikuwa mkulima wa ndengu kama baba zetu, na nguzo kadhaa za wigo alizipigilia kwa mkono wake. Wiki nzima tulikariri mistari ya Biblia. Mimi niliikariri yote na nikahakikisha kila mtu anajua nimeikariri yote, basi nikawekwa wa kwanza kwenye mstari wa kubatizwa. Mama alinishonea gauni jeupe kutokana na shuka. Siku moja kabla ya ubatizo, wanawake walitia miiba mipya pande zote, na mama akatoka majini mikono imechanika akasema sasa hata shetani hapiti.

Asubuhi ya Jumapili tuliteremka mtoni kwa ngoma. Kwetu hapakuwa na wingu hata moja, ardhi ilikuwa imepasuka na mbuzi walikuwa wamekonda, lakini ukitazama juu upande wa mlima uliona weusi umelala huko mbali. Hakuna aliyeutazama. Kwaya ilikuwa mbele, sisi wa kubatizwa tukafuata na mavazi yetu meupe, na wazee wa kanisa nyuma yetu na viti vya mbao. Mama hakuwa nasi. Alibaki nyuma na sufuria za karamu, kwa kuwa yeye alipikia kanisa zima na hakumwamini mtu mwingine na moto. Tulipofika ukingoni, sheria za mtoni hazikumjia mtu kichwani. Ni Jumapili, watu wameoga, wanaimba, na miiba ni mibichi ya jana. Nani asimame kutazama miiba aliyoitia mwenyewe? Pasta Ireri alishavaa joho lake na kusogea hadi kwenye jiwe la kushukia. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma yake, nimefumba macho, nikijiona mtakatifu.

Nilisikia ngoma ikikatika. Nilipofumbua macho nilimwona mama anapita katikati ya kwaya, majivu mikononi, kanga ya jikoni kiunoni, akasimama juu ya jiwe kati ya mchungaji na maji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wenzangu walikuwa na mama zao waliovaa vitambaa vyeupe, wangu alinuka moshi.

"Pasta, ngoja kidogo," alisema.

"Mama Igoki, si tumeweka miiba jana? Wewe mwenyewe ulikuwa hapa," Pasta alimjibu, akimwita kwa jina langu.

"Nilikuwa. Lakini angalia hiyo nyasi."

Juu kabisa ya miiba, juu sana kuliko maji yalipofika asubuhi ile, zilining'inia nyasi na vijiti na uchafu wa mto, bado vibichi. Mama alieleza kwa sauti ya kila siku, kama anavyoeleza jinsi ya kuchambua ndengu. Akiwa kwenye sufuria aliuona ule weusi wa mlimani, akaacha moto akateremka. Mvua ilikuwa imenyesha huko. Mto ulipanda tulipokuwa tumelala, ukapita juu ya wigo, kisha ukashuka kabla hatujaamka. Kwa hivyo wigo ulikuwa umezama kwa muda, na chochote kilichopita juu yake maji yakiwa mengi sasa hakikuwa na pa kutokea. Miiba yetu mizuri, tuliyoifunga kwa kujisifu, ingemfungia mamba ndani pamoja nasi.

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa akasema labda ni hofu tu, na kwamba siku ya Bwana watu waje na imani. Watu walimgeukia mama kusikia atajibu nini, maana kukatiza ubatizo halikuwa jambo dogo, na wakimwona amewaharibia siku kwa bure, neno lake lisingesikilizwa tena mtoni wala kanisani. Naye alilijua hilo.

"Imani ninayo," alisema. "Na huyo wa kwanza kwa laini ni mtoto wangu."

Pasta Ireri alimtazama, akazitazama nyasi, kisha akavua joho akalikunja na kulikabidhi kwaya. Nampenda mpaka leo kwa kitendo hicho. Yeye na wanaume wawili walipanda juu ya mwamba ulioingia mtoni, wakachukua kulabu ndefu za mti tulizotumia kuvutia matawi, wakaanza kuondoa miiba upande wa nje mpaka likapatikana pengo. Wanawake walipanga mstari ukingoni wakarusha mawe upande wa ndani. Maji yalikuwa ya kahawia na matulivu kabisa. Tulirusha, tukangoja, tukarusha tena. Jua lilipanda. Mtoto mmoja alianza kulilia chakula, na nikasikia watu nyuma yangu wakinong'ona kwamba karamu inaungua. Mimi nilimwomba Mungu amtoe mamba, kwa sababu bila mamba mama yangu angekuwa kichekesho. Nadhani ni mimi peke yangu Mbeere nzima niliyewahi kuomba ombi la namna hiyo.

Alitoka bila haraka. Maji yalivimba karibu kabisa na jiwe la kushukia, mahali pale pale mchungaji angesimama nami mikononi, na mgongo mrefu ukapita ukiambaa ukingo kuelekea kwenye pengo. Ulikuwa mrefu kiasi kwamba kichwa kilishatoka nje wakati mkia bado unapita mbele yetu. Mkia ulipiga nguzo moja ikavunjika, kisha maji yakamfunika. Mzee aliyezungumzia imani alikaa chini kwenye mchanga na suti yake. Pasta Ireri alisema polepole, "Asante Mungu," kisha akamgeukia mama akasema, "Na asante wewe."

Watu wengi wangekwenda nyumbani. Mama alikataa. Alisema tukiondoka leo, kesho watoto watachota wapi? Wanaume walipigilia nguzo mpya, wanawake wakaziba pengo kwa miiba, na mama akafunga tawi la mwisho kwa mikono yake, damu ikimchuruzika hadi kwenye viwiko. Kisha akachukua fimbo ndefu akaingia majini peke yake. Alitembea ndani ya wigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, akichoma kila pembe kwa fimbo, maji yakimfika kifuani, na kanga ya jikoni ikielea nyuma yake. Watu wazima walisimama ukingoni wakimtazama. Alipomaliza alirudi karibu na jiwe, akaninyooshea mkono uliochanika.

"Njoo sasa," alisema.

Nilishuka. Sikumbuki mstari hata mmoja wa Biblia niliousema. Nakumbuka mkono wake tu, ulivyokuwa na joto ndani ya maji baridi, na jinsi alivyonipitisha kwa mchungaji kisha akasimama nyuma yetu, uso umeelekea miiba, mpaka wa mwisho wetu alipobatizwa. Chakula kiliungua kweli. Tulikila hivyo hivyo, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Leo kijijini kuna kisima cha kuchimbwa na tangi, na wigo umebaki nguzo chache zilizooza. Mama amezeeka, makovu ya miiba yako mikononi bado, na akiulizwa anasema ni mambo ya kazi. Yeye hajisifu, kwa hivyo najisifu mimi kwa niaba yake. Nimesimulia habari hii kanisani, kazini na kwenye saluni, na nyumbani nikianza tu, wanangu husema, "Ile ya mamba tena." Maji yetu ya Dallas hutoka kwenye mfereji wa bomba, na mnyama wa hatari wanayemjua ni mbwa wa jirani.

Msimu wa mvua uliopita mfereji ulikauka, kama unavyokauka kila tunapouhitaji. Nguo zilipojaa nilibeba beseni nikateremka Mto Rupingazi na binti yangu wa pili, Ciarunji, aliyepewa jina la mama yangu kama ilivyo desturi yetu. Rupingazi una maji baridi ya mlimani na hauna mamba. Nilikuwa na haraka, kesho yake ilikuwa siku ya kazi, basi nikavua viatu nikainua mguu kuingia. Nikahisi mtu amenishika kanga kwa nyuma.

"Mum, ngoja. Angalia hiyo nyasi."

Kwenye vichaka vya ukingoni, juu ya magoti yangu, zilining'inia nyasi na vijiti vibichi vya mto. Maji yalikuwa yamepanda usiku. Mimi, msimulizi hodari wa mjini, sikuwa nimetazama chochote. Nilitaka kumwambia kwamba hapa hakuna mamba, lakini nilimwona uso wake alivyoukaza, nikarudisha mguu ukingoni. Alitazama ukingo wote, mwanzo hadi mwisho. Akatupa jiwe, akangoja, akatazama tena. Kisha akakata kijiti akatangulia yeye, akipima chini mbele ya miguu yake, maji yakimfika kwenye vifundo. Aliporidhika aligeuka, akaninyooshea mkono, nami nikaushika.