Marlys na Fomu ya Maswali Tisa

Kwa miaka ishirini na sita Marlys Engebretson alisafisha meno ya watu wa mji mmoja mdogo kaskazini mwa Minnesota, na katika miaka hiyo yote hakuna mgonjwa aliyewahi kumwambia kwamba ana huzuni. Waliofiwa walisema hawajambo. Aliyeunguliwa na ghala alisema si mbaya sana, afadhali trekta lilikuwa nje.

Mwezi wa pili Daktari Haugland, mwenye kliniki, alirudi kutoka kongamano huko Minneapolis kama mtu aliyeokoka. Alikuwa amesikia kwamba ugonjwa wa fizi na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, huandamana. Akamkabidhi Marlys makala kumi na moja za watafiti azisome, kisha awaeleze wenzake Ijumaa, kwa kuwa yeye alikuwa na shughuli nyingi. Shughuli zenyewe zilikuwa kuvua samaki kupitia tundu katika barafu ya ziwa lililoganda.

Marlys alizisoma juma zima, kalamu mkononi, chakula kikipoa pembeni. Aliona kwamba wenye fizi mbovu mara nyingi wana sonona, na wenye sonona mara nyingi wana fizi mbovu. Lakini kipi huleta kipi, hakuna aliyethubutu kuapa. Ijumaa alilisema hilo polepole, mara mbili. Daktari alisikia ile nusu ya kwanza. Jumatatu bango lilikuwa ukutani, FIZI SAFI, MOYO MKUNJUFU, na kila mgonjwa akawa anapewa fomu yenye maswali tisa kuhusu hali ya moyo wake, sufuri ikiwa na maana ya hakuna shida.

Watu walijaza kwa adabu. Kwa majuma matatu fomu zilionyesha kwamba hakuna mji duniani wenye raha kama ule. Daktari akasema ni faida ya kupiga mswaki.

Ndipo akaja Orrin Skaar, mkulima wa viazi mwenye miaka sabini na mmoja, ambaye kliniki haikumwona tangu mkewe afariki miaka mitano nyuma. Kwenye fomu alijaza sufuri tisa zilizonyooka vizuri. Palipoulizwa dawa anazotumia, aliandika hakuna. Marlys alipomfungua kinywa akakuta meno saba yameoza shinani, na kioo chake kidogo kikanata shavuni kwa ukavu. Mojawapo ya zile makala ilieleza hali hiyo hiyo: dawa nyingi za sonona hukausha mate, na pasipo mate meno hayana mlinzi.

Akaweka vyombo chini.

"Mzee Skaar, unamumunya peremende?"

"Moja moja."

"Kwa siku?"

"Pakiti. Mdomo unanikauka."

"Na hicho kidonge unachomeza ni cha nini?"

Mzee alitazama mlango kwanza. Mpokezi alikuwa binamu yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alipewa na daktari wa mambo ya akili huko mjini Fargo, baada ya msiba, na hakupenda habari hizo zifike kanisani kabla yake. Kisha akalinyooshea bango kidole.

"Hebu niambie. Ningepiga mswaki vizuri, nisingemlilia mke wangu?"

"Ungemlilia," Marlys alisema. "Ila ungekuwa na meno."

Orrin alipumua puani, na kwa watu wa kule hicho ni kicheko kikubwa. "Na yako, nani anayatazama?"

"Hayajambo."

"Na mimi nimeandika sufuri."

Jibu hilo lilimkaa moyoni. Tangu mumewe ahamie Arizona na mwanamke wa kwaya, Marlys alikuwa akisaga meno usingizini. Gego moja lilikuwa limepasuka, na mwaka mzima alitafuna upande mmoja tu. Makala kuhusu wanaoogopa kiti cha daktari wa meno alizisoma kama habari za nchi ya mbali.

Alhamisi akalala kwenye kiti. Daktari Haugland alichimba lile gego, kisha akauliza kama kwenye zile makala aliona lolote kuhusu madaktari wa meno wenyewe. Tangu vuli, alisema, anaamka alfajiri moyo ukienda mbio, na hajui anaogopa nini. Marlys, kinywa wazi na nusu ya uso imekufa ganzi, aliinua kidole kimoja. Ilikuwamo makala moja. Jioni akaiacha mezani kwa daktari.

Orrin alizibwa meno matano, mawili yakang'olewa, akahamia kwenye peremende zisizo na sukari, ambazo alisema zina ladha ya dirisha. Mwezi wa sita alirudi kusafishwa.

"Jumatano nilimkuta daktari wenu Fargo," alisema. "Pale ninapokwendaga. Tumekaa viti vya jirani nusu saa nzima, tukingoja zamu."

"Mliongea nini?"

"Mvua," Orrin alisema, akafungua kinywa.