Sanaa ya Miguu

Mume wangu wa kwanza alikuwa karani katika shamba la chai karibu na Igowole, na kila Jumapili alicheza mpira, winga wa kushoto. Mimi nilisuka vikapu vya milulu, yale majani membamba ya mabondeni, kama mama yangu na bibi yangu. Tulikuwa na mtoto mmoja na vyumba viwili, na humo ndani tuligombana sana kwa ajili ya neno moja, sanaa.

Ugomvi huo aliuanza yeye. Kwetu miaka ile ya hamsini mhunzi alikuwa na sanaa, mfinyanzi alikuwa na sanaa, wala hakuna aliyeuliza zaidi. Jumapili moja akarudi na matope hadi magotini, akasema mpira nao ni sanaa. Nikamwambia sanaa ni kitu unachoweza kukishika.

"Goli lako la leo liko wapi? Lete niliweke juu ya meza."

"Wewe una akili ya kubebea viazi," akanijibu. Wiki nzima hatukusemeshana.

Kisha Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, akatangaza maonyesho mjini Iringa, na jioni yake mechi ya timu ya shamba letu na timu ya Mbeya. Nilisuka kikapu kimoja kwa miezi mitatu. Nilichemsha mizizi nikapata rangi nyekundu iliyoiva, nikazungusha mistari inayopandana kuelekea mdomoni. Asubuhi ya safari nikakuta njumu zake za mpira zimo ndani ya kikapu, na matope yake.

"Sikuona mfuko," alisema.

Nilikiosha kwa maji baridi. Rangi ikachuja upande mmoja. Kwenye lori nilimpa mgongo mpaka Iringa.

Mwamuzi wa maonyesho alikuwa mwalimu wa misheni, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Alikigeuza kikapu changu, akakipeleka kwenye meza ya vyombo vya nyumbani, kando ya miiko na vibuyu. Meza ya sanaa ilikuwa na picha za wanafunzi wake. Nikamfuata kumuuliza sababu.

"Mama, kikapu kina kazi. Sanaa ni ya kutazamwa tu."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Akacheka mbele za watu. "Basi mwalimu, goli langu ndilo sanaa. Halibebi hata kiazi."

Mwalimu hakumtazama. "Mchezo ni mchezo. Nenda kacheze."

Nilimwona mume wangu akimeza mate, nikafurahi. Nakumbuka furaha ile kuliko maneno ya mwalimu mwenyewe, ingawa yeye naye nilimchukia.

Jioni nilikwenda uwanjani, nikasimama nyuma ya wanawake wengine ili asinione. Nilikwenda kumwona akianguka. Karibu na mapumziko alipata mpira pembeni, na mabeki wawili wa Mbeya wakamjia. Akasimama. Akaweka wayo juu ya mpira, akainamisha bega la kulia kidogo tu, na wale wawili wakaenda huko lilikoelekea bega. Yeye akapita katikati yao, kama anayetembea tu. Uwanja ukapiga kelele. Kifuani nilisikia kile ninachosikia mistari ya kikapu inapozunguka ikakutana bila kukosea. Hapo nikazidi kumchukia, kwa sababu alisema kweli, ile ilikuwa sanaa, na iliyoifanya ni miguu ileile iliyochafua kazi yangu.

Timu yake ilifungwa mbili kwa moja. Ndani ya lori akanisogelea.

"Uliniona?"

"Nilikuwa sokoni."

Akageukia wenzake.

Hatukuachana kwa ajili ya mpira, kama wasemavyo ndugu zake. Tulikuwa na mengi. Lakini baada ya siku ile hakuniambia tena habari ya mechi yoyote, na mimi nilisuka nikimpa kisogo. Miaka miwili baadaye nikarudi na mtoto wangu kwa baba yangu.

Nilikutana naye mara moja tu, nikiwa nimeshazeeka, dukani kwake Mwanjelwa, kule Mbeya. Alikuwa anachechemea. Akamwita mkewe kutoka nyuma.

"Njoo umsalimie mama wa mwanangu mkubwa. Huyu hajawahi kuniona nikicheza."

Mkewe akanipa mkono, akacheka kwa adabu. Ningeweza kusema kwamba nilimwona siku ile ya Iringa. Nikamjibu mama yule kwamba siku zile nilikuwa na kazi nyingi.