Toto ameota mguu, Shosho anataka kidole

Wasee, nyanya yangu Shosho ameninyang'anya maji ya tangi la Toto! 😂

Mnamjua Toto, aksolotli wangu. Ni kama kiluwiluwi kikubwa chenye miguu, ila yeye habadiliki. Anabaki mtoto maisha yake yote.

Mara ya mwisho Shosho kuja hapa Juja, Toto alikuwa ameng'atwa mguu na mwenzake. Shosho akamwombea.

Leo amekuja, amekuta mguu umemea na vidole vyake vyote.

"Umenunua mwingine unidanganye!"

Nikamwonyesha lile doa jeusi la kichwani. Ni yuleyule, Shosho. Hawa wakikatika mguu, unamea tena.

Akaangalia mkono wake wa kushoto.

Jameni, nilitamani ardhi inimeze. Kidole chake cha pete kilienda na mashine ya kumenya kahawa kule Ruiru, miaka ya hamsini, akiwa msichana.

Mara akatumbukiza kile kipande kilichobaki ndani ya tangi!

"Wacha tuone kama hii maji inafanya kazi."

Amerudi Thika na chupa imejaa maji ya Toto.

"Guka yako alikataa kuninunulia pete, eti sina mahali pa kuiweka. Kidole kikimea, atajua hajui."

Sasa nani atamwonya Guka?