Mrija wa Marehemu Emuron

Mwalimu Alungat alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Kwa miaka thelathini na minne aliwafundisha watoto wa kijiji cha Sikuda kuandika mistari isiyopinda, na alipostaafu akaendelea kunyoosha: ua wake, kola za wajukuu, na hasa habari za nyumba yake kabla hazijatoka nje. Mumewe, Emuron, alikuwa katekista. Siku ya maziko yake, mwaka jana, kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Alungat akaapa moyoni kwamba jina lile halitachafuka mikononi mwake.

Kumbe wa kulichafua alikuwa amemzaa mwenyewe. Okia, mwanawe wa kwanza, alikuwa wakala wa forodha mpakani Busia. Asubuhi alishughulikia makaratasi ya malori upande wa Uganda. Mchana alivuka kwenda kunywa upande wa Kenya, ambako hakuna aliyemwita mtoto wa katekista. Alianza na bia ya chupa, akaishia kwenye chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Macho yake yalipogeuka manjano na tumbo kufura, mama yake alitangaza kwamba ni malaria. Majirani wakaitikia, "Pole, Mwalimu," kisha wakatazamana.

Daktari wa kituo cha afya alikopelekwa Okia, Ofumbi, aliwahi kuwa mwanafunzi wa Alungat. Alifungua daftari la mgonjwa, lile lile la shule ambalo kila mtu hununua akienda kutibiwa, akaandika kidogo, akainua kalamu.

"Mwalimu, Okia anatumia pombe?"

Okia akafungua mdomo. Mama yake akamwahi.

"Hii ni nyumba ya katekista, Ofumbi. Umesahau?"

"Samahani, Mwalimu." Akaandika: *Hanywi.*

Mwalimu aliyemchapa kwa kusema uongo angewezaje kumdanganya? Basi wiki tatu zikapotea kwa dawa za malaria, kisha za taifodi. Okia alizimeza mbele ya mama yake, akaenda nyuma ya nyumba kunywa kilichofichwa. Miguu nayo ikaanza kuvimba.

"Mama, tumwambie daktari ukweli," Apio, mke wa Okia, alisihi.

"Halafu binti zako waolewe na nani? Watoto wa mlevi?"

"Afadhali watoto wa mlevi aliye hai."

Alungat alimkemea, akaenda kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Ikafika Jumamosi ya kumaliza msiba. Kwa desturi ya ukoo wao, mrija mrefu aliokuwa akinywea marehemu hukaa kwa mjane mwaka mzima ndani ya ala yake ya mwanzi. Siku hiyo mjane humkabidhi mrithi, naye huvuta malwa, pombe ya ulezi inayotiwa maji ya moto chunguni, kabla ya mtu mwingine, kisha hukalia kiti cha baba. Emuron mwenyewe alikuwa mtu wa sikukuu tu: alivuta mara tatu, akaufuta mrija, akaenda zake.

Chungu cha malwa kilitoa mvuke katikati ya ua. Shemeji yake Alungat, Mzee Eriku, alikuwa ameketi karibu nacho kuliko wote.

"Mke wetu, lete mrija! Maji yanapoa."

"Mgonjwa atakunywaje, shemeji?"

"Malwa ni chakula! Mtazame mrithi wetu, amevimba kama ng'ombe aliyevamia shamba la mihogo. Akivuta kidogo, uvimbe utamshuka."

Watu wakacheka. Okia hakucheka. Alikuwa amenyoosha mikono miwili na, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, alikuwa akitabasamu. Alungat akadhani anatabasamiwa yeye. Alipofuata macho ya mwanawe aliona yanatazama chungu.

Akaukumbatia mrija.

"Simpi," alisema. "Okia si mgonjwa wa malaria. Ni pombe. Imemla ini, nami nikamdanganya daktari."

Hata waliokuwa wakipuliza povu waliacha.

"Mke wetu," Eriku alisema taratibu, "mambo ya ndani hayaanikwi uani."

"Nimeyafungia ndani miaka kumi na mmoja, shemeji. Yameoza humo humo."

"Umeniua mbele ya watu, Mama," Okia alisema.

Alungat aliubana mrija kwapani, akamshika mwanawe mkono. Alijaa hasira, na nyingi ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. "Inuka," alisema. "Twende kwa Ofumbi."

Apio alikuwa ameshaita bodaboda mbili. Nyuma yao ubishi ulianza: je, chungu kinaweza kunywewa bila mrithi? Kabla hawajafika barabarani walisikia kwamba kinaweza.

Kituoni, Alungat alikuwa bado amebana mrija kwapani. Alifungua daftari la Okia, akamwomba Ofumbi kalamu. Akalikata lile neno *Hanywi* kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake: *Anakunywa. Kila siku. Miaka kumi na mmoja.*

Ofumbi alisoma.

"Mwalimu, siku ile mngeniambia…" Akaubonyeza mguu wa Okia uliovimba. "Mpelekeni hospitali kubwa Tororo, leo hii."

"Atapona?"

"Akiacha. Na kama hatujachelewa."

Okia aliinama juu ya daftari.

"Kumi na miwili, Mama," alisema. "Umekosea."

Alungat, aliyechukia daftari lenye maneno yaliyokatwa, akakata tena, akaandika kumi na miwili.