Salamu Zilizompita Baba

Jana asubuhi nilisemwa kwa sababu ya salamu. Nilikuwa nimetoka nyumbani Kibokoni, Mji wa Kale, na baiskeli yangu, buibui nimelikunja na kulibana kwa pini lisije likaliwa na mnyororo, mkoba umening'inia usukanini, na mbele yangu kuna tuktuk iliyoegeshwa upande ikaziba kichochoro kizima. Mwenyewe hayuko, amekwenda kununua mahamri. Nikashuka, nikajibana ukutani, nikaivusha baiskeli kwa kuiinua gurudumu la mbele. Nilipopanda tena nikasikia sauti ya mama mmoja dirishani, nyuma yangu: "Twakusalimu, hujibu! Basikeli ndiyo yakupa kibri?"

Sikuwa nimemsikia, wallahi. Ningerudi nikamweleza, lakini nilikuwa nimechelewa, na nilikuwa nimechoka kabla siku haijaanza. Unaujua uchovu huo, rafiki yangu? Si wa miguu. Miguu huzoea. Ni uchovu wa kupigiwa honi Barabara ya Digo na gari ambalo haliendi popote, wa bodaboda kukujia uso kwa uso upande wako mwenyewe, wa dimbwi la maji usilolijua kina chake. Halafu ufike kazini Ganjoni, jasho limekulowesha mgongo, na askari wa mlangoni anayekujua kwa jina akuambie kwamba baiskeli haziingii hapa. Kila asubuhi namwomba, kila asubuhi ananiruhusu amenuna, na kesho yake tunaanza upya kana kwamba hatujawahi kuonana.

Lakini jana hayo yote sikuyajali. Neno la yule mama ndilo lililonifuata mpaka kazini. Kibri. Nililisikia sana nikiwa mdogo, tena kwa sababu ya baiskeli hiyohiyo, ila aliyeitwa mwenye kibri alikuwa baba yangu.

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota kamba, ng'ambo ya Kibarani. Alikwenda kwa baiskeli, nyeusi, nzito, yenye keria pana nyuma na chuma kirefu kutoka kitini hadi usukanini. Juu ya chuma hicho ndipo nilipokaa mimi. Bibi yangu, mamake baba, alinishonea kitakia cha vipande vya leso kuukuu tukakifunga pale kwa kamba za kiwandani, maana kabla ya hapo nilikuwa nafika shule siwezi kuketi. Mama yangu alikuwa ametangulia mbele ya haki nikiwa mchanga, kwa hivyo nyumbani tulikuwa sisi watatu tu, bibi, baba na mimi.

Asubuhi zetu zilianza kwa mbaazi za nazi na chai ya tangawizi iliyounguza ulimi, kwa kuwa baba hakutaka kungoja ipoe. Bibi alikuwa akinifunga ushungi na kunisomea dua kichwani huku baba ameshashika usukani nje. Tulipita Ndia Kuu maduka yakiwa bado yamefungwa, harufu ya bizari ikitoka katika nyufa za milango, tukatokea Digo, tukakata Mwembe Tayari ambako wabeba mizigo walikuwa wameshaanza kugombana, tukaenda moja kwa moja mpaka Makupa. Shule yangu ilikuwa karibu na hapo. Baba alinishusha langoni, akanifuta vumbi la viatu kwa kiganja chake, halafu akaendelea peke yake.

Na hapo ndipo siku yangu ilipoharibika, kila siku. Kwa sababu baba hakuwa anasikia.

Alikuwa ameanza kuwa kiziwi kidogo kidogo, kwa kelele za mashine za kamba. Nililigundua mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku moja bibi alimwita kutoka jikoni, akamwita tena, naye amekaa akimenya chungwa ametulia kabisa, wala hakugeuza shingo. Bibi akasema, "Huyu siku hizi akili yake i mbali." Mimi nikaenda nyuma yake nikapiga makofi. Hakustuka. Kesho yake njiani akaniambia, bila ya mimi kumuuliza, "Mwanangu, masikio yangu sasa ni wewe. Lakini bibi yako asijue, na watu wasijue."

Alikuwa na sababu zake. Kiwandani, mtu asiyesikia haachwi karibu na mashine, na yeye mashine ndiyo aliyoijua. Na bibi angejua tu, baiskeli ingefungiwa chumbani siku hiyohiyo na ufunguo ungening'inizwa shingoni mwake mpaka kufa.

Tukajitengenezea lugha yetu. Gari likija nyuma nilimfinya kidole gumba cha mkono wa upande linakotokea. Likiwa lori nilifinya kwa kucha. Mtu akitoa salamu nilimgusa kifundo cha mkono, naye papo hapo akapaza sauti, "Waalaykum salaam!" hata kama hajui nani kasalimu na yuko wapi. Wakati mwingine nilikosea. Siku moja Mwembe Tayari dereva wa lori la saruji alitoa kichwa nje akamtukana baba matusi ambayo sitayaandika hapa, mimi kwa hofu nikashika kifundo badala ya kidole, na baba akamjibu kwa adabu zake zote, "Waalaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh!" Yule dereva akarudisha kichwa ndani polepole, na nadhani mpaka leo anajiuliza.

Tulicheka sana siku ile. Baba alikuwa mcheshi juu ya baiskeli. Kidevu chake kilikuwa juu tu ya kichwa changu, na alizungumza njia nzima: nyumba hii ilikuwa ya nani, mlango ule ulichongwa na fundi gani, yeye alipokuwa mdogo aliangukaje katika tangi la maji la msikiti. Kelele za barabara hazikumhusu, kwa hivyo hakuna kitu kilichomkatiza.

Lakini baada ya baba kunishusha shuleni kulikuwa na Kibarani. Siku hizo taka za mji mzima zilimwagwa pale, moshi haukuzimika, na malori ya bandarini yalipita yakifuatana, na barabara ilikuwa nyembamba, upande mmoja bahari na upande mwingine jaa. Baba aliipita peke yake asubuhi na akairudia peke yake jioni, bila kidole cha mtu yeyote. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni na mimi nahesabu malori. Mara nyingi niliitwa mbele nikakuta sijui hata somo ni gani. Mchana nilirudi nyumbani kwa miguu na wasichana wenzangu, na alasiri nilikaa juu ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, nikitega sikio.

Nilikuwa nangoja kengele. Baba hakujua kama kengele ya baiskeli yake bado inalia, basi aliipiga bila kukoma, kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mlangoni kwetu. Watu walichukia. "Kengele yako yatupasua vitwa, ewe bwana!" Mimi nilipoisikia nilijua amefika salama, nikaenda jikoni kumsaidia bibi kukuna nazi bila kuambiwa.

Sasa, wewe unajua adabu za kwetu. Aliyepanda humsalimu anayetembea, na anayetembea humsalimu aliyeketi. Mtu juu ya baiskeli ndiye mwenye deni la salamu kwa mtaa mzima. Baba alijua, na alijitahidi: alitoa salamu mbele kwa mbele, kwa wa barazani, kwa wa madukani, na nina hakika zipo jioni alizosalimu milango iliyofungwa. Lakini aliyemsalimu kutoka nyuma au ubavuni, baba alimpita kama ukuta. Na ilikuwa jioni, mimi sipo pale juu ya chuma.

Aliyeumia zaidi alikuwa jirani yetu mwenye duka la vitambaa. Kila alasiri aliketi kwenye baraza yake na kikombe cha kahawa, na kila alasiri alimsalimu baba, kwa kuwa walisoma chuo kimoja cha Kurani walipokuwa wadogo. Salamu moja ikapita hewani, na ya pili, na ya tatu. Kisha akaacha. Kisha nikaanza kusikia watu wakisema, "Yuwaringa yule. Atakalo ni kusujudiwa." Bintiye alipoposwa na harusi ikakaribia, mwanamke aliyetumwa kualika watu alipita nyumba baada ya nyumba, akafika mlango wa jirani wa kushoto, akaruka wetu, akabisha hodi kwa jirani wa kulia.

Bibi alikaa juu ya kitanda chake akashika kichwa. Hajawahi kurukwa na harusi maishani mwake. Jioni alimkabili baba uso kwa uso, na kwa kuwa alikuwa mbele yake, baba akamwelewa. "Umemfanya nini yule mtu hata tumetengwa?"

"Sikumfanya kitu, mama."

"Basi nenda kamtake radhi kwa hilo usilolifanya."

Baba alitikisa kichwa. Asubuhi yake njiani aliniambia, "Na wanite mwenye kibri. Mwenye kibri huachiwa kazi yake." Nilitaka kumwambia bibi kila kitu. Lakini nikimwambia baiskeli itafungwa, nisipomwambia lori litamgonga, na mimi nilikuwa msichana wa darasa la nne.

Haikuwa lori. Ilikuwa mkokoteni, siku mbili tatu kabla ya harusi, umepakiwa masufuria ya biriani mpaka juu. Kichochoro chetu kina mteremko. Baba alikuwa ameingia kutoka kazini, ameshuka, anaikokota baiskeli kwa sababu ya watoto waliokuwa wakicheza, na kengele yake anailiza. Nyuma yake mkokoteni unashuka, mchukuzi ameegemeza mgongo kuuzuia, na jirani mwenye duka anafuata kwa miguu akichunga masufuria yake. "Simile!" mchukuzi akapiga kelele. "Simile! Simile!"

Hakuna mtu wa Mji wa Kale asiyelijua neno hilo. Ukilisikia unajibana ukutani kwanza, halafu ndipo unageuka kutazama ni nani. Watoto walijibana. Paka aliondoka. Baba akaendelea katikati ya njia. Mimi niko mlangoni, namwona, nikapiga kelele za kumwita, na huku napiga kelele najua kwamba hazifai kitu.

Mkokoteni ulimpiga nyuma ya magoti. Baiskeli ikaenda huku, baba kule, masufuria yakamwagika mtaa mzima kwa kishindo ambacho hata aliyezikwa angekisikia. Jirani alikuja juu amewaka: "Kibri gani hichi? Hata simile humpishi mtu?" Na alipolisema tu, nikamwona anasita. Mtu anaweza kuringa asijibu salamu. Hakuna mtu anayeringia mkokoteni.

Alisimama nyuma ya baba, aliyekuwa amekaa chini akishika goti, akamwita jina lake. Akamwita tena kwa nguvu. Mtaa mzima ulimsikia, na mtaa mzima ulimwona baba akikung'uta vumbi la kanzu yake kana kwamba yuko peke yake. "Laa ilaha illa llah," akasema mtu. Jirani akazunguka, akachuchumaa mbele yake, machozi yanamtoka mtu mzima yule, akasema, "Ndugu yangu, nisamehe. Sikujua. Nisamehe."

Baba akaona midomo inacheza. Akainua mkono wake wenye vumbi, akasema kwa sauti kubwa na furaha tupu, "Waalaykum salaam! Waalaykum salaam!"

Kuna waliocheka na kuna waliolia. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni, na mkono wake ukanishika bega mpaka nikaumia.

Mambo yalitengenea, lazima niseme. Jirani mwenyewe, kwa miguu yake, alikuja kutualika. Siku ya harusi alimketisha baba ubavuni mwake. Kiwandani hawakumfukuza, walimhamishia ghalani, mbali na mashine, na alikwenda kwa gari na wenzake. Mtaani watu wakazoea kumshika bega kwanza ndipo wamsalimu, na baadaye hata wageni walifanya hivyo bila kujua kwa nini. Baiskeli ilinyooshwa gurudumu ikafungiwa chumbani, mpaka nilipokua nikaitoa mimi. Mimi nikaenda shule kwa miguu, sina tena malori ya kuhesabu, nikapanda hata katika masomo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba baba alizungumza pale juu ya baiskeli tu. Baada ya watu kujua, alianza kuionea haya sauti yake. Hakujua kama anapayuka au ananong'ona, kwa hivyo akaacha. Nyumbani alitumia mikono na macho, akicheka anacheka bila sauti. Nami sikuwa tena chini ya kidevu chake. Akaishi hivyo miaka mingi, akazeeka hivyo.

Alipofariki, watu walijaa mpaka barabarani. Kila aliyenishika mkono aliniambia jambo lilelile: baba yako alikuwa mtu mkimya, mpole, hana maneno. Nilikuwa nimechoka, nikaitikia tu, ndiyo, ndiyo. Lakini mimi nilimjua mtu aliyesema kutoka Ndia Kuu mpaka Makupa bila kupumzika. Nikipita njia hiyo nayakumbuka maneno yake yote, mlango ule, nyumba hii, tangi la msikiti. Sauti yenyewe ilikuwaje, ilikuwa nzito au nyembamba, imenitoka kabisa. Bibi hayupo. Na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumuuliza, kwa sababu aliyekuwa akimsikia ni mimi peke yangu.